Siku Tisa na Hundi Moja Iliyobaki

Siku ya 1, Jumatatu. Mbezi hadi Moshi

Basi limetoka stendi ya Magufuli saa 12 na dakika 20 asubuhi. Ningepanda ndege ningeshuka KIA kabla ya chai, ila mfuko ninaousimamia ni mdogo, na kila tiketi naiandika mahali ambapo watu 19 walionipa hela zao wataisoma. Tena basi lina raha yake. Mchana mzima hakuna kikao.

Kazi yangu ya sasa bado naona haya kidogo kuitaja mbele za watu. Kwa miaka minane nilikuwa na kampuni yangu. Tuliianza 2012 kwenye chumba cha juu ya duka la vitenge Kariakoo, tukitengeneza programu ya kumwonyesha wakala wa pesa za simu floti yake, yaani akiba ya kuhudumia wateja, itaisha saa ngapi. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na wakala aliyeishiwa floti saa nne asubuhi siku ya mishahara alikuwa anafukuza wateja kwa mkono wake mwenyewe. Tuliiuza 2020. Haikuwa hela ya kununulia kisiwa, ila ilitosha kuwafanya watu waamini kwamba najua kitu, wakanipa zao. Leo nasimamia dola milioni 2.4, nanunua vipande vya kampuni changa za teknolojia, nyingine hazina hata mteja wa kwanza. Kwa Kiswahili cha vikaoni unaitwa mtaji wa ubia. Mitaani, jamaa zangu husema tu "siku hizi anagawa hela," na wanapiga simu.

Hundi zetu ni za dola 50,000. Kwa kampuni mpya mwaka huu imebaki moja, na wanaoitaka ni wawili: mmoja yuko Hai, mwingine Nairobi. Mombasa kuna kampuni ya tatu. Hiyo tayari tumo, na imekuwa kimya kwa namna nisiyoipenda.

Njia hii ya kutoka kwenye kuomba hela kwenda kwenye kutoa si mimi niliyeifyeka. Eugene Kleiner alikuwa mmoja wa wale wahandisi wanane waliomkimbia bosi wao 1957 wakaanzisha Fairchild Semiconductor huko California. 1972 akashirikiana na Tom Perkins kufungua kampuni ya kuwekeza. Marc Andreessen aliiingiza Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, kwenye soko la hisa 1995, kampuni iliyofuata yeye na Ben Horowitz wakaiuza kwa kampuni ya kompyuta ya HP 2007 kwa dola bilioni 1.6, na 2009 wakafungua mfuko wao wa kwanza wa dola milioni 300. Peter Thiel, mmoja wa waanzilishi wa PayPal, hela ya kuiuza ikiwa bado ina joto mfukoni, aliitilia Facebook dola 500,000 mwaka 2004. Watu wanapenda kunitajia majina haya wakati wa kunipa hongera. Mimi nikiyasikia nawaza jambo moja: watu hawa waliwahi kukaa upande ule mwingine wa meza, wakajua kiti chake kilivyo kigumu.

Mimi nilikikalia 2014. Mwekezaji mmoja alitusikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema "tutaongea." Nilisubiri miezi saba. Nilikataa ofa ya mtu mwingine kwa sababu ya lile "tutaongea." Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na hadi leo tukikutana kwenye makongamano ananikumbatia. Nilipoanza mfuko huu niliandika sheria moja kabla ya zote: nikishakwenda kumwona mtu kazini kwake, ndani ya siku saba anapata jibu.

Mombo tumeshuka kula. Wali nyama, shilingi zimepanda, nyama imepungua. Same joto lile lile la siku zote. Moshi tumeingia saa kumi na nusu, mlima umejifunika.

Siku ya 2, Jumanne. Hai

Mwanzilishi alinifuata kwa pikipiki yake mwenyewe. Ni mhandisi wa maji, hajafika miaka thelathini, ananiita kaka na hapotezi maneno. Kampuni yake inafunga mita za malipo ya kabla kwenye vioski vya maji vijijini. Unaweka hela kwenye kitufe kidogo cha plastiki kupitia simu, unakigusisha kwenye mita, maji yanatoka; ukikiondoa, yanakata. Hela inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya jumuiya ya watumia maji. Zamani ilipitia kwenye kopo la mhudumu wa kioski, na kopo lile lilikuwa na tundu.

Kioski cha kwanza tulikuta foleni ya ndoo, wenye ndoo wakiwa kivulini. Bibi mmoja alifungua pindo la khanga, pale pale ambapo miaka yote alifunga sarafu, akatoa kitufe. Akakigusisha. Kimya. Akakigusisha tena, safari hii kwa nguvu kama anagonga mlango wa mdeni wake.

"Shikamoo bibi. Linasumbua?"

"Marahaba mwanangu. Hili dude likila tope linakuwa kama mtoto."

Mhandisi alikuwa ameshapiga magoti na bisibisi. Alifungua mfuniko, akatoa kichujio, akakipuliza, akakigonga kwenye kiganja. Mchanga mwekundu ukabaki mkononi kama ugoro. Dakika nne. Nilimwuliza inatokea mara ngapi. Angeweza kunidanganya. Alisema kila baada ya mvua kubwa, kwenye vioski 11 kati ya 64, na kwamba kichujio kipya amekichora ila hana hela ya kuagiza kiwandani.

Bibi alikuwa na lalamiko jingine, na hilo ndilo lililonifungua masikio. Zamani, alisema, akiishiwa alikopa ndoo kwa binti wa kioski. Dude halikopeshi. Mhandisi akacheka, akaniambia lalamiko hilo walilisikia kila kijiji, kwa hiyo wakaongeza kwenye programu deni la ndoo tano.

"Wanalipa?"

"Wote, kaka. Isipokuwa mwenyekiti."

Nimewahi kukaa kwenye maonyesho ya biashara mawili mfululizo bila kusikia sentensi moja yenye uzito wa ile. Mtu aliyesikiliza foleni, akabadilisha chombo chake, halafu anajua kwa jina nani hajalipa! Nikiwa mimi ndiye mwenye kampuni, ningemwajiri kesho.

Usiku kwenye nyumba ya wageni nilitoa daftari. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Kioski cha kawaida kinauza ndoo 300 kwa siku, yaani shilingi 15,000. Kampuni inachukua asilimia 8, shilingi nne kwa ndoo, 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Mita pamoja na kuifunga ni 900,000. Inajilipa kwa miezi 25. Baada ya hapo ni faida, ukiondoa vichujio na mafuta ya pikipiki. Mama lishe yeyote angesema hiyo ni biashara, na angekuwa sahihi.

Sasa hesabu ya upande wangu. Kampuni nyingi ninazowekea zitakufa. Si mkosi, ndivyo kazi hii ilivyo tangu mwanzo. Georges Doriot, aliyeongoza kampuni ya uwekezaji huko Boston, aliweka dola 70,000 kwenye kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation mwaka 1957, na baada ya miaka kumi na kitu kipande kile kikawa na thamani ya zaidi ya dola milioni 300. Kimoja hicho kiliwafunika wote waliozama. Kwa hiyo kila ninayempa lazima awe na uwezekano, hata mdogo, wa kurudisha mfuko mzima peke yake. Nikiwa na asilimia 10 ya kampuni, na mfuko ni milioni 2.4, kampuni hiyo ifikie thamani ya dola milioni 24. Tuseme mhandisi wangu anafikisha vioski 5,000, mara sabini na kitu ya alivyonavyo. Vinaingiza shilingi milioni 180 kwa mwezi. Kwa mwaka, tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni kama dola 864,000, na kuvifunga tu kumekula shilingi bilioni 4.5. Kampuni ya mapato hayo, thamani yake haifiki milioni 24. Nilirudia hesabu mara tatu, mara ya tatu nikidanganya kidogo kwenye bei ya mita. Haifiki.

Nilizima taa bila kumwandikia.

Siku ya 3, Jumatano. Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi

Siku ya kukaa kwenye gari. Namanga maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuvuka uwanja. Nilikumbuka safari yangu ya 2013, nilipokuwa nakwenda Nairobi kuazima intaneti ya watu, tulivyotembea kutoka ofisi hadi ofisi na mabegi kichwani. Nimebadilisha hela kidogo. Nairobi mvua, foleni kuanzia Mlolongo.

Siku ya 4, Alhamisi. Nairobi

Mkutano ulikuwa barabara ya Ngong, kwa hiyo nilishuka mapema nipite jengo la Bishop Magua. Ghorofa ya nne ndipo iHub ilipofunguliwa 2010, na Erik Hersman na wenzake waliotoka kwenye kazi ya Ushahidi, ile ramani ya ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Siku zangu ungeingia na kompyuta yako, ukapata intaneti ya kasi, kahawa, na mtu wa meza ya pili aliyewahi kukumbana na tatizo lako wiki iliyopita. iHub imeshahama zamani. Nilisimama chini dakika mbili kama mtu aliyekwenda kuangalia nyumba aliyopanga akiwa kijana, nikaondoka.

Mwanzilishi wa Nairobi ana miaka 26, na anaongea kama treni ya umeme. Programu yake inamwezesha mwenye duka kuagiza bidhaa kwa simu, na boda inaleta siku hiyo hiyo. "Mkubwa, tunakua asilimia thelathini kila mwezi," alisema kabla sijakaa. Mchoro wake ulipanda vizuri kweli. Kampuni yenyewe tayari ameisajili Delaware, jimbo la Marekani ambalo sheria zake za makampuni wawekezaji wa nje wanazijua, na mkataba alionitolea ni ule mfupi wa SAFE uliotolewa na Y Combinator 2013: unatoa hela leo, hisa zinahesabiwa baadaye bei ikishajulikana. Kila kitu kimenyooka. Mimi mwaka 2012 mkataba wangu wa kwanza niliandikiwa na mwanasheria wa mambo ya viwanja.

Nilimwomba kitu kimoja, nipande na boda inayopeleka mizigo. Alisita, akakubali.

Kawangware, duka la mama mmoja, kaunta yenye nyavu. Boda ikashusha beli mbili za unga. Nilimsalimia mama, nikamwuliza hawa vijana wakoje.

"Ni wazuri sana. Wananiletea hadi kwa mlango, na bei yao iko chini ya depo."

"Na wakipandisha shilingi ishirini?"

"Si nitarudi tu kwa depo." Akaonyesha kwa kidevu. "Depo iko hapo."

Ilikuwa hapo kweli, hatua arobaini, na mkokoteni nje.

Tuliporudi ofisini nilimwuliza, ukiondoa boda na ghala, kila beli inabakiza nini. Alifungua jedwali ambalo halikuwa kwenye wasilisho. Kila beli inapoteza shilingi 40. Kwa hiyo ile asilimia thelathini ya kila mwezi ilikuwa ndiyo kasi ya hasara. Nguvu ya mpango wake ilikuwa imani kwamba akishakuwa mkubwa, viwanda vitampa bei ya chini. Imani hiyo nimeiona kwa wengi, na hela ya nje ilikuwa inailipia hadi Machi 2022, benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba na wenye hela wakakumbuka kwamba hata kwao kuna mahali pa kuweka hela ikazaa. Mwaka uliofuata hela zilipungua Afrika nzima. Hata wakubwa wa biashara hii waliona heri kuungana: Wasoko ya huku na MaxAB ya Misri ziliunganisha kampuni zao 2024.

Sikusubiri siku saba. Nilimwambia pale pale kwamba hapana, na sababu, na kwamba yule mama wa Kawangware angemwambia bure kile nilichomwambia mimi.

Hakukunja uso. "Ni sawa mkubwa. Kuna wengine kwa laini." Halafu, nilipokuwa nafunga begi: "Lakini ile ya depo kuwa karibu... ni maduka mangapi depo iko mbali?" Hajui. Mimi pia sijui. Alikuwa ameshaanza kuandika kwenye ubao nilipotoka, na nakiri njiani niliwaza kama nimekosea.

Siku ya 5, Ijumaa. Nairobi hadi Mombasa

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau. Hii reli ilianza kubeba abiria 2017, na bado watu wanapigana picha na mabehewa. Baada ya Mtito Andei kuna tembo wekundu kwa vumbi la Tsavo. Watoto wote wakahamia upande mmoja wa behewa, na baba zao.

Mimi nilikuwa nasoma ripoti za Mombasa, zote tangu mwanzo, kwa mpangilio. Ya kwanza kurasa sita. Ya miezi sita baadaye, tatu. Januari mwaka huu, aya mbili na picha ya wafanyakazi wakicheka. Februari: "Mambo yanaenda vizuri, nitakupa taarifa kamili." Machi hakuna kitu. Hakuna chombo cha kupima afya ya kampuni kilicho bora kuliko urefu wa barua ya mwenye nayo, na huo mshale nimeujua kwa sababu niliwahi kuwa mwandishi wa barua hizo. Miritini saa nane mchana. Joto la pwani likanipokea mlangoni.

Siku ya 6, Jumamosi. Mombasa

Tuliingia kampuni hii mwishoni mwa 2022. Kwa miaka kadhaa makontena mengi yaliyoshuka Kilindini yalikuwa yakilazimishwa kupanda reli kwenda kugombolewa Nairobi, na mawakala wa forodha wa Mombasa walikuwa wamefunga ofisi zao mtaa kwa mtaa. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha ugomboaji Mombasa. Upepo umegeuka, tukasema. Kijana alikuwa na programu nzuri: wakala anajaza nyaraka mara moja tu, na mwenye mzigo anaona kwenye simu kontena lake limefika hatua gani na limegharimu nini. Bandari inayohudumia hadi Uganda, Rwanda na Kongo! Hesabu ya milioni 24 ilifika bila kutoa jasho. Hundi niliisaini kwa siku nne.

Ofisi imebaki na meza mbili. Zamani zilikuwa tisa. Jenereta haipo, kuna mraba msafi sakafuni pale ilipokuwa. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi na maneno mengi, akafungua kompyuta anionyeshe mpango mpya, anahitaji dola 40,000 tu za kuvukia.

"Ndugu yangu," nilimwambia, "funga hiyo. Mishahara mmelipa ya mwezi gani mara ya mwisho?"

Alikaa kimya muda mrefu. Feni inazunguka. "Desemba," akasema. "Wallahi kaka, nilitaka nikwambie kila siku. Nikishika simu, nasema kesho, labda yule mteja wa Kampala atalipa."

Nilimweleza kitu ambacho mke wangu amenisamehe ila hajasahau. Mwaka 2016 niliweka rehani kiwanja chake cha Kigamboni kulipa mishahara ya miezi miwili, bila kumwambia, na wawekezaji wangu nikawaandikia kwamba mambo yanaenda vizuri. Kiwanja kilirudi, kwa bahati. Sikumweleza ili kumfariji. Nilitaka ajue kwamba anaongea na mwongo mwenzake, kwa hiyo tusipoteze mchana.

Basi tukafungua vitabu. Tatizo halikuwa mteja wa Kampala. Programu yake iliwapendeza wenye mizigo kwa sababu iliwaonyesha kila gharama na risiti yake. Lakini aliyekuwa analipia programu ni wakala, na wakala hakuwa na hamu hata kidogo ya mteja wake kuona gharama ipi haina risiti. Walijiunga, wakaitumia mwezi mmoja kwa adabu, wakarudi kwenye simu na WhatsApp. Kosa hilo liliandikwa kwenye ukurasa wa pili wa wasilisho la kwanza, pale palipotaja nani analipa na nani anafaidika, nami nilipita juu yake kwa siku nne nikishangilia bandari. Yeye alikuwa na miaka 28. Mimi nilikuwa ndiye ninayejua.

Nilimwambia hapana kwa zile 40,000. Tukaandika utaratibu wa kufunga: waliobaki walipwe kwanza, halafu mwenye nyumba, halafu vifaa viuzwe, na kama kuna kitakachobaki, ambacho hakitakuwepo, kije kwetu. Ubao ulikuwa umejaa malengo ya mwaka jana. Alichukua kitambaa kuufuta ili tuandike, namba hazikutoka zote. Zilikuwa zimekaa mno. Tukaandika juu yake.

Jioni tulikaa Mama Ngina, viazi karai na madafu, meli kubwa ikipita mlangoni mwa bandari karibu hivi kwamba unaona nguo zilizoanikwa. Akaniuliza, "Nyumbani nitasema nini?" Nilimsogezea ukwaju.

Siku ya 7, Jumapili. Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga

Kivuko cha Likoni, basi, mpaka, basi. Tanga kwa mama nimefika anaanika mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo kazi yako mpya bado unayo?"

"Ninayo."

"Nieleze tena. Unakopesha?"

"Hapana mama. Nanunua sehemu ya kampuni za watu."

"Zikishapata faida?"

"Kabla."

Aliendelea kutandaza mchele kwa kiganja. "Na wewe hesabu ulikuwa unapasi," akasema.

Mhandisi wa Hai ametuma ujumbe mchana. Hajaulizia hela. Ametuma picha ya kichujio alichokitengeneza kwa wavu wa chandarua kilichochakaa, anasubiri mvua aone.

Siku ya 8, Jumatatu. Tanga hadi Dar

Machungwa ya Muheza, kilo nyingi kuliko nilivyohitaji. Nimelala.

Siku ya 9, Jumanne. Zanzibar

Boti ya saa moja asubuhi. Mzee anayeniita leo ana duka la vitambaa Darajani na ni mmoja wa wale 19. Alinipa dola 100,000 kwa kuandikiana karatasi tatu, mbili kati yake zikiwa ni za mwanasheria wangu. Tulikunywa kahawa barazani, akaleta halua, akasubiri nimalize kutafuna.

"Haya mwanangu. Pesa yangu i wapi?"

"Ipo mzee. Haijarudi."

"Ipo, haijarudi. Hayo ni maneno ya nahodha."

Nikamweleza Mombasa bila kupunguza. Alisikiliza, akaomba twende matembezi. Tulitokea Mizingani, mbele ya lile jengo la roshani za mbao linaloitwa Zahanati ya Zamani, lililojengwa kwa fedha za Taria Topan. Taria alikuwa tajiri wa Kihindi aliyewapa wafanyabiashara wa bara bidhaa kwa mali kauli: chukua vitambaa na shanga, nenda, ukirudi na pembe tutahesabiana. Mmoja wa aliowaamini ni Tippu Tip. Aliondoka mwaka 1870 hivi, akarudi Unguja 1882.

"Miaka kumi na miwili," mzee akasema. "Mfuko wako ni wa mingapi?"

"Kumi."

"Basi mimi si mwenye haraka. Ila Taria hakupelekewa barua yenye picha ya watu wanaocheka."

Nilikubali pigo. Mfano wenyewe sikuupenda wote, nikamwambia: pembe zile zilibebwa na watu waliotekwa, na wengine wao waliuzwa pamoja nazo. Akaitikia kwa kichwa, akasema anajua, babu zake walikuwa pande zote mbili za hesabu hiyo. Tukatembea kidogo bila kuongea.

Halafu akauliza kuhusu yule wa maji. Nikamweleza ndoo, shilingi nne, miezi 25.

"Kila ndoo shilingi nne, na mita inajilipa miaka miwili na mwezi?"

"Ndiyo mzee."

"Si biashara hiyo?"

"Ni biashara nzuri. Si ya mfuko wetu. Sisi tunanunua hisa, mkataba hauturuhusu kukopesha, na hisa zake hazitakua kwa kiasi cha..."

"Mfuko wetu," alinikatiza. "Wa nani?" Akatoa kijidaftari chenye jalada jeusi, kalamu yake haikuandika, akaazima yangu. "Mita moja umesema laki tisa. Namba yake ya simu, mwulize kwanza aridhie, ndipo unipe."

Saa tisa na nusu nilikuwa bandarini nasubiri boti ya kurudi. Siku ya saba ilikuwa inaishia. Nilipiga. Upande wa pili mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ikabidi nipaze sauti, watu wawili wenye masanduku wakageuka kunitazama. Nilimwambia hapana. Nikamwambia kwa nini, na hesabu yote, na vioski 5,000. Nikamwambia kuna mzee mmoja huku anayetaka kuongea naye kwa masharti mengine, akipenda.

Mvua tu. Nikadhani imekatika.

"Sawa kaka," akasema. "Asante kwa kunipigia. Ila nipo hapa kwa bibi, mita imesimama, nataka nione kile kichujio cha chandarua kimeshika au kimepasuka. Nitakupigia."

Akakata. Tumepita Chumbe, tumeingia bandari ya Dar jua likizama, simu mkononi. Bado hajapiga.